Treni ya mvuke: fika mapema, halafu ipande kwa masikio

Nimeshapanda treni ya mvuke mara tano sasa, zile za zamani zinazotunzwa kwa ajili ya watu wanaotaka kutembea siku moja na kurudi jioni, na nianze kwa kusema kwamba mara ya kwanza niliipoteza kabisa. Siyo kwamba kulikuwa na tatizo. Nilifika stesheni dakika saba kabla ya kuondoka, nikakimbilia behewa lolote lenye nafasi, likawa la katikati, nikatoa simu nikaanza kurekodi, nikarekodi miti, nikarekodi daraja, nikarekodi watoto waliokuwa wanatupungia mikono, tukafika mwisho wa reli nikala, wakati wa kurudi nikasinzia. Usiku nimekaa naangalia zile video ndo nagundua kwamba sikumbuki chochote ambacho hakimo kwenye simu, na kilichomo kwenye simu ni miti, ambayo ningeiona hata kwenye basi.

Mara ya pili nilikwenda na shangazi yangu. Shangazi ana presha ya macho, jicho moja limeshazimika na hilo lingine anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, sasa nilipompigia kumwambia twende akaniuliza, "Baba, mi nitaona nini huko?" Sikuwa na jibu la maana, nikamwambia tu utasikia. Nilisema ili akubali, basi, lakini hilo neno ndo likawa siku yetu nzima, na karibu kila ninachowashauri humu nimekipata kwa kukaa pembeni yake.

Kwa sababu anatembea polepole tulifika saa moja na nusu kabla. Na hapa nakuomba usikilize vizuri kwa sababu hili ndo watu wengi wanalikosa: kichwa cha mvuke hakiwashwi kama gari. Moto wake unawashwa masaa mengi kabla ya safari, mara nyingi kabla hakujapambazuka, na kama chuma kilikuwa kimepoa kabisa wengine wanaanza kukipasha moto taratibu tangu jana yake, maana boila, lile tangi la kuchemshia maji, ni chuma kinene kinachotanuka kadiri kinavyopata joto na ukikiharakisha kinaweza kupata nyufa au kuanza kuvuja kwenye maungio. Kwa hiyo wewe unapofika na tiketi yako, wale jamaa wawili walioko pale mbele, dereva na mtia makaa, wameshafanya kazi nusu siku. Ukifika mapema unawakuta bado wanapaka oili kwa yale makopo yenye mdomo mrefu, wanapita kiungo kimoja kimoja, wanagusa kwa kiganja kusikilizia joto, wanafuta vipimo, na mara nyingi ndo wakati pekee ambao wana nafasi ya kuongea na wewe. Dakika kumi kabla ya kuondoka hawana tena nafasi hiyo, usiwasumbue.

Shangazi alisimama kama hatua kumi kutoka kwenye kile kichwa akanyamaza, halafu akaniambia kinapumua. Kweli kinapumua. Kikiwa kimesimama tu kuna mlio mwembamba wa mvuke unaovuja hapa na pale, kuna maji yanayodondoka, kuna kitu ndani kinanguruma chini chini kama sufuria kubwa jikoni iliyofunikwa. Dereva alimwona amesimama vile akaja akamsalimia, akamwambia mama njoo karibu, akamshika mkono akamsogeza mpaka pale kwenye ngazi, yule mwenzake akafungua mlango wa tanuru kwa sekunde chache. Ndani ya tanuru kunafika zaidi ya nyuzi 1,000. Shangazi alirudisha kichwa nyuma akacheka kwa sauti, joto lilimpiga usoni na ule mwanga, alinambia baadae, ndo kitu chenye rangi kali kuliko vyote alivyoona mwaka ule.

Sasa nieleze kidogo kinachoendelea mule, kwa sababu ukikielewa ndo utajua usikilize nini. Moto uko nyuma ya kichwa, moshi wake wa moto unapita kwenye mabomba membamba yaliyozungukwa na maji, maji yanachemka, lakini yanachemka yakiwa yamefungiwa, kwa hiyo mkandamizo unapanda mpaka mara kumi au kumi na tano ya hewa tunayovuta, na kwa mkandamizo huo maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu na 180 mpaka 200. Mvuke huo dereva anaufungulia uende kwenye silinda, unasukuma pistoni mbele na nyuma, pistoni inasukuma ile mikono ya chuma unayoiona inazungusha magurudumu. Haujaisha kazi hapo, na hii sehemu ndo naipenda kuliko zote. Mvuke ukishasukuma pistoni unatolewa kwa nguvu kupitia dohani, lile bomba la moshi juu, na ukitoka kwa kasi ile unavuta hewa nyuma yake, na hiyo hewa inapita kwenye moto. Maana yake treni ikipata kazi ngumu zaidi, moto wenyewe unapulizwa zaidi bila mtu kugusa kitu. Ndivyo ilivyokuwa tangu Rocket, kichwa cha mvuke cha Uingereza cha mwaka 1829, ilikuwa na mabomba 25 ya shaba ndani ya boila na mvuke uliorudishwa kwenye dohani, na vichwa vikubwa vilivyokuja baada ya miaka mia moja bado vilipumua hivyo hivyo.

Kile chaf, chaf, chaf unachosikia ni huo mvuke unaotoka. Kichwa cha silinda mbili, ambavyo ndo vingi, kinatoa milio minne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa sababu pistoni ya kila silinda inasukumwa pande zote mbili. Shangazi aliambiwa hivyo na dereva na hakuacha kuhesabu tena siku ile. Treni inapoanza kuondoka unaweza kuhesabu mlio mmoja mmoja kwa vidole, kisha inaongeza mwendo milio inasogeleana, na kwa gurudumu lenye kipenyo cha kama mita 1.4 ukifika kilomita 16 kwa saa unasikia milio minne kila sekunde, ukifika 40 inakuwa kama kumi kwa sekunde na sikio linaacha kuitenganisha, inakuwa mngurumo mmoja wa kuendelea.

Reli nazo zina hesabu yake. Njia nyingi za zamani bado zina vipande vya reli vilivyoungwa kwa bolti, ndo maana unasikia ka-tak, ka-tak, ambayo kwenye njia za kisasa zilizochomelewa huisikii tena. Kama vipande ni vya mita 18, ambavyo ni vya kawaida kwenye njia nyingi za Uingereza, hesabu mlio wa gurudumu moja ukipita kwenye maungio kwa sekunde 65 na ile idadi utakayopata ndo kilomita kwa saa. Shangazi alihesabu mi nikashika saa, tukapata 31. Tulirudia mara nne njiani na kila mara alikuwa anakisia kabla hatujaanza, mara ya nne alikosea kwa kilomita mbili tu.

Tuje kwenye kukaa, maana hapa ndo wengi wanapokosea na mi nilikosea. Behewa la katikati ni zuri kwa mtu anayetaka kuongea na wenzake, ila kama umekuja kwa ajili ya treni basi chagua ncha mojawapo. Behewa la kwanza nyuma ya kichwa ndo la masikio, unasikia kila kitu, kila pumzi, unasikia hata koleo likigonga chuma. Unapata masizi pia na nitayafikia. Behewa la mwisho ndo la macho, kwa sababu njia ikikata kona unakiona kichwa chote mbele kinavuta na moshi umelala juu ya mabehewa, na picha nzuri zote unazoziona zimepigwa kutoka huko. Ukiwa na uwezo nenda na moja rudi na lingine. Kama viti vina namba, wapigie simu uwaulize kichwa kinafungwa upande gani wakati wa kwenda, wanaulizwa hilo kila siku hawatakushangaa.

Na uliza pia njia inapanda wapi. Hili sikulijua mara ya kwanza na ndo siri kubwa. Treni ikishuka iko kimya, dereva amefunga mvuke, inateleza tu na breki. Ikiwa kwenye tambarare inajiendea. Kilimani ndo unasikia ulichokuja kukisikia. Kwenye safari ile na shangazi kulikuwa na kilima kimoja cha kama dakika kumi na tano, kabla hatujakifikia tukaona moshi umekuwa mweusi ghafla, ni mtia makaa anarundika moto mapema kwa sababu ukianza kulisha ukiwa tayari juu ya kilima umechelewa, halafu mlio ukabadilika. Ukawa mzito, umetengana, unapiga kifuani siyo masikioni. Behewa zima lilinyamaza bila mtu kuwaambia. Shangazi alikuwa ameweka kiganja kwenye dirisha anausikilizia mtetemo, akasema "tumepanda," wakati mi kwa macho yangu mazima sikuwa nimeona kama ardhi imeinuka. Kuanzia hapo nilifumba macho na mimi. Jaribuni hilo, dakika tano tu kilimani, fumba macho.

Masizi sasa. Usivae nguo nyeupe, yani kabisa, wala nguo unayoihurumia. Ukifungua dirisha kwenye mabehewa ya mbele vinaingia vipande vidogo vya makaa na kimoja kikikuingia jichoni USISUGUE, osha kwa maji safi mengi huku unapepesa, ndo maana natembea na chupa ya ziada ya maji safi niliyoitenga kwa kuoshea tu. Miwani yoyote inasaidia, hata ya jua. Usitoe kichwa nje ya dirisha, najua kila mtu kwenye picha anatoa, lakini matawi na nguzo ziko karibu sana kwenye njia hizi za zamani na treni inayokuja upande wa pili huisikii kwa sababu masikio yako yamejaa mlio wa kwako. Mwenye pumu akae nyuma na afungue dirisha la upande ambao upepo unatoka, moshi unalala upande mmoja tu kwa muda mrefu na ukiangalia nje utajua ni upi.

Kingine kuhusu usalama kinachohusu watoto zaidi. Treni inapoanza kuondoka mara nyingi dereva anafungua vibomba vidogo chini mbele kutoa maji yaliyojikusanya kwenye silinda, kwa sababu maji hayabanwi na yakibaki mule pistoni inaweza kuvunja silinda. Ule mvuke unatoka kwa kishindo pembeni, chini, usawa wa miguu ya watu wazima na usawa wa sura ya mtoto wa miaka miwili. Kwa hiyo usisimame na mtoto pembeni kabisa ya kichwa dakika ya kuondoka. Mvuke halisi hata hauonekani, kile cheupe tunachokiona ni mvuke ulioshaanza kupoa ukawa matone, ukitazama vizuri pale unapotoka kuna nafasi ndogo kama hakuna kitu, na hapo ndo pana hatari kuliko pote. Na honi ya mvuke kwa mtoto mdogo inatisha, si mchezo, mweleze kabla na umzibe masikio. Mara ya tatu nilikwenda na mtoto wa dada yangu sikumweleza, akalia nusu saa nzima na kosa lilikuwa langu.

Kabla hujakata tiketi hakikisha siku hiyo treni inavutwa na mvuke kweli. Njia nyingi zina siku za mvuke na siku za dizeli, na wakati wa kiangazi kikali wakati mwingine wanalazimika kutumia dizeli hata kwenye siku iliyotangazwa ya mvuke, kwa sababu cheche kutoka kwenye dohani zinaweza kuwasha nyasi kavu pembeni ya reli. Hilo lilinikuta mara ya nne, tulisafiri mbali tukakuta dizeli, na yule aliyekuwa kwenye dirisha la tiketi hakutuambia mpaka tumeshalipa. Iliniuma. Siku hizi napiga simu asubuhi ile ile. Ukiweza kuchagua msimu, chagua siku yenye baridi, hewa ikiwa ya baridi ule mvuke unakuwa mweupe mzito na unakaa hewani muda mrefu, siku ya joto unapotea hapo hapo na unabaki na moshi tu.

Urefu wa njia nao ufikirie. Watu wanadhani ndefu ndo bora. Ile ya Durango kwenda Silverton kule Marekani, iliyofunguliwa 1882, ni kama kilomita 72 na inachukua karibu masaa matatu na nusu kwenda tu, inapanda zaidi ya mita 800, mandhari yake watu wanaisifu dunia nzima, lakini na mtoto mdogo au mzee mwenye mgongo ni siku ndefu sana. Ile ya Darjeeling nchini India, iliyoanza 1881 na kuingia kwenye Urithi wa Dunia 1999, reli zake zimeachana kwa milimita 610 tu, ina safari fupi ya mvuke kati ya Darjeeling na Ghum kwenda na kurudi, kama masaa mawili, na watu wanarudi wameridhika. Kwa mtu wa mara ya kwanza mi nasema lisaa limoja kwenda, mapumziko marefu, lisaa limoja kurudi. Inatosha.

Na usiwe na haraka. Nyingi ya njia hizi zinakwenda polepole, kule Uingereza nyingi zimewekewa mwisho wa kilomita 40 kwa saa, na siyo kwamba mvuke hauwezi, mwaka 1938 kichwa cha mvuke cha Uingereza kinachoitwa Mallard kilifika kilomita 203 kwa saa na rekodi hiyo ya mvuke haijavunjwa. Ni kwamba reli ni za zamani, mabehewa nayo ni ya zamani, na anayeviendesha mara nyingi hajalipwa. Hilo watu hawalijui. Talyllyn kule Wales, mwaka 1951, ndo ilikuwa reli ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea, na nyingi zilizofuata ni hivyo hivyo, yule anayekukatia tiketi labda ni mwalimu mstaafu, yule anayetia makaa labda wiki nzima yuko ofisini. Ukishuka nenda mbele ukawashukuru. Sisi tulikwenda, na yule mtia makaa, kijana tu, uso mweusi tii kwa masizi, shangazi akamwuliza makaa kiasi gani umetia leo, akasema hajui ila mgongo unajua.

Mkifika mwisho wa njia, tafadhali msikimbilie chakula wote. Kula baadae. Pale mwisho ndo kichwa kinafunguliwa kutoka kwenye mabehewa, kinapita njia ya pembeni, kinakwenda kunywa maji kwenye lile bomba kubwa lenye mkono, kisha kinakuja kufungwa upande wa pili. Inachukua kama dakika ishirini. Unaona mtu anaingia katikati ya kichwa na behewa kufunga mnyororo na mabomba ya breki kwa mikono yake, unasikia lile gongo la chuma kwa chuma mabehewa yakigusana. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye foleni ya chakula, nilisikia tu kishindo kwa mbali nikadhani kuna kitu kimeanguka. Mara nyingi wakati wa kurudi kichwa kinakwenda kinyumenyume, ni kawaida hiyo, siyo kila mahali pana meza ya kugeuzia.

Simu, nimalizie hapo. Sisemi usipige picha. Piga pale stesheni kabla ya kuondoka na pale mwisho wakati wa maji, kisha iweke mfukoni. Ukitaka kubaki na kitu cha safari yenyewe rekodi sauti tu, dakika tatu za kilimani, funika ile sehemu ya kipaza sauti kidogo na kitambaa upepo usiiharibu. Mi ninayo moja ya siku ile. Inaanza na mngurumo wa tambarare, halafu ule mlio unaanza kutengana, mmoja, mmoja, na kuna sauti ya shangazi inahesabu, moja mbili tatu nne, moja mbili tatu nne, na katikati anasema "sasa sikiliza" na hasemi kitu tena mpaka tunafika juu.

Lile jicho la pili limeshafifia zaidi tangu wakati ule. Wiki iliyopita amenipigia kuniuliza ile njia yenye kilima bado inafanya kazi, nikamwambia ndiyo, wanaanza tena mwezi ujao. Nimeshakata tiketi mbili, behewa la kwanza, viti vya dirishani. Nimewapigia kuulizia ngazi za behewa kwa sababu ziko juu sana kwa mtu asiyeona, wamesema wana kijukwaa cha kupandia na gadi atatusubiri pale. Tutafika saa moja na nusu kabla.